Mpangaji wa Chini: Beta Wako Anahitaji Mwenzake?

*Umempenda, umemnunulia tangi, sasa unamwonea huruma kwa kukaa peke yake. Kabla hujamletea wa kuishi naye, soma hapa.*

Siku hizi ukiingia sebuleni kwa wapenzi wapya, pembeni ya televisheni kuna kitu kinang'aa. Si picha ya harusi, hiyo iko ukutani. Ni tangi dogo la kioo, lita 10 au 20, na ndani yake samaki mmoja tu mwenye mapezi marefu kama shela la bibi harusi. Mwekundu, wa bluu, wengine weupe pee. Huyo ndiye beta. Hali sana, hapigi kelele, hatafuni viatu vya mtu, na mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi kwa sababu yake. Kwa watu wanaorudi kazini saa mbili usiku, ni mnyama wa kufuga anayeeleweka.

Halafu baada ya miezi miwili mitatu, mmoja wenu anasimama mbele ya kioo, anainamisha kichwa, anasema: "Jamani, huyu si mpweke?"

Swali hili nimeulizwa na wasomaji, na majirani, na safari hii nimeulizwa na mdogo wangu wa kike. Yeye ameolewa Tarime, mkoani Mara, anafundisha sekondari huko kata ya Itiryo. Mumewe ni tabibu. Shemeji ndiye aliyemleta huyo samaki: alikuwa Mwanza kwa semina, akamwona dukani, akampakata kwenye mfuko wa plastiki ndani ya basi mpaka Tarime, kisha Itiryo. Zawadi ya mwaka wa pili wa ndoa. Beta anaitwa samaki mpiganaji, na shemeji, Mkurya kamili, hakusubiri mtu amtanie. "Shemeji," akaniambia kwenye simu, "huyu mura amerudi nyumbani."

Sasa mdogo wangu alitaka kumletea mura mwenzake. Kitu kidogo cha kukaa chini, alisema, kisichomsumbua, cha kumpa kampani na kumsaidia usafi. Kwenye sentensi hiyo moja kuna mambo matatu, na ni moja tu lenye ukweli.

Upweke wa nani?

Tuanze na kampani. Asili ya beta ni Kusini Mashariki mwa Asia, hasa Thailand, ambako mwaka 2019 serikali ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Kwao anaishi kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia: mashamba ya mpunga, madimbwi, mifereji yenye majani. Watu wa kule walimzalisha vizazi kwa vizazi wakichagua wenye hasira, kwa ajili ya kuwapambanisha. Ndiyo maana ukiweka madume wawili tangi moja, unaandaa msiba. Dume ana eneo lake. Anajenga kiota cha mapovu juu ya maji, anatunza mayai mwenyewe, na jike akishataga anatimuliwa. Huyu si dagaa wa kutembea kwa kundi.

Kwa hiyo beta aliye peke yake hakosi kitu. Nilimwambia mdogo wangu hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini dada, mimi ndiye ninayekaa naye."

Shemeji anaingia zamu za usiku kituo cha afya, wiki nyingine mara tatu. Mdogo wangu anasahihisha madaftari sebuleni, yeye na samaki. Hapo nikaelewa kuwa hatuzungumzii samaki peke yake. Nikamwambia la zamu alizungumze na mwenye zamu, la samaki tutalizungumza sisi.

Na la samaki lilikuwa na jambo la haraka zaidi. Alisema beta amepauka, analala chini kwenye kona, hasogei mpaka jua liwe limepanda. Huzuni, eti. Nikamwomba atafute kipimajoto. Shemeji alileta kimoja, wakakitumbukiza alfajiri, kikasoma nyuzi 20. Beta anataka kati ya 24 na 28. Itiryo si Dar es Salaam, wala si Mwanza. Usiku wa vilima vya Tarime unavuta blanketi mpaka kidevuni, hasa Juni na Julai, na maji ya lita 20 kwenye kioo chembamba yanapoa pamoja na chumba. Samaki hakuwa na huzuni. Alikuwa anasikia baridi. Walipoweka hita ndogo, baada ya siku chache alianza kujenga kiota cha mapovu, rangi ikarudi.

Ndiyo maana nasema, kabla hujamtafutia beta mwenza, mpimie joto. Tabia nyingi tunazoziita upweke ni baridi, au maji machafu, au tangi tupu lisilo na jani wala pa kujificha. Umeme ukikatika, funga tangi kwa blanketi pande zote ukiacha nafasi ya hewa juu, usimlishe mpaka joto lirudi. Na kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hita, samaki wa pili asubiri.

Sakafu iko wazi kweli?

Hata hivyo kutaka uhai zaidi kwenye tangi si dhambi. Tangi lenye mtu juu na mtu chini linapendeza, na wazo la kumchagua mpangaji wa chini lina mantiki yake. Beta ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kama kambale na kamongo wetu wanavyoweza kuishi kwenye tope lisilo na hewa ya kutosha. Kwa hiyo muda mwingi yuko karibu na uso wa maji. Huko ndiko anakokula, ndiko anakojenga kiota, ndiko anakokasirikia watu. Chini anapita kama mwenye nyumba anayekagua.

Kinachomwudhi beta ni mwenye mapezi marefu na rangi kali, anayefanana na mpinzani. Anaumizwa pia na samaki wenye tabia ya kudonoa mikia ya wenzao. Wa chini wengi hawana sifa hizo: ni wa kahawia au kijivu, mapezi mafupi, wanahangaika na mchanga wao. Hapo ndipo ndoa inapowezekana.

Lakini tangi la lita 20 lina kina cha sentimita 25 hivi. Hiyo si ghorofa, ni chumba kimoja chenye pazia katikati. Kwa mpangaji wa chini, muhimu ni ukubwa wa sakafu, si urefu wa kioo. Tangi refu la kusimama, la kupendeza mezani, linampa wa chini eneo la sahani ya wali. Tangi pana la kulala, hata likiwa na maji yale yale, linawapa wote pa kupishana.

Na kila beta ana moyo wake. Wapo wanaoishi na konokono miaka bila neno, na wapo wanaomshambulia mpaka hita. Huwezi kujua mpaka ujaribu, kwa hiyo kabla ya kujaribu uwe na chombo cha pili tayari, chenye maji ya joto lile lile, cha kumhamishia atakayeumizwa. Kama huna chombo cha pili, hauko tayari kwa samaki wa pili.

Si dada wa kazi

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapopotelea.

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu samaki wa chini hawaulizi samaki. Wanauliza mfanyakazi wa ndani. Wanataka kiumbe atakayekula uchafu wa beta, anyonye mwani kwenye vioo, afagie mabaki ya chakula, alale sakafuni na asiombe kitu. Na wauza samaki wanajua kuliuza hilo neno, "msafishaji". Kule Mwanza shemeji aliambiwa amchukue pleko mdogo wa kidole kimoja, huyu ni mfagiaji, hutabadilisha maji tena. Shemeji hakumchukua, kwa sababu tu mkono mmoja ulikuwa na beta na mwingine na begi.

Afadhali. Pleko wa kawaida anatoka Amerika Kusini na anafika sentimita 30 na zaidi. Kwenye tangi la lita 20 hawezi hata kugeuka. Na anakunya si mchezo. Huyo mfagiaji ndiye atakayekuachia nyuzi ndefu za kinyesi mchanga mzima.

Hakuna samaki wa tangini anayeishi kwa kula kinyesi cha mwenzake. Hayupo. Kila mdomo unaouongeza unaongeza kinyesi, na kinyesi hicho pamoja na mabaki ya chakula kinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaojijenga kwenye filta na mchanga ndio wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha nitrati, ambayo ina nafuu kidogo. Wafanyakazi wa kweli ni hao, hawaonekani, na wanachukua wiki nne mpaka sita kujijenga kwenye tangi jipya. Nitrati nayo haitoki yenyewe. Inatoka kwa mkono wako: robo ya maji kila wiki, mpira mdogo wa kufyonza uchafu wa chini, na maji mapya ya joto lile lile. Kama ni maji ya bomba yenye dawa ya klorini, yatibiwe kwanza.

Mpangaji wa chini anakula mabaki, ni kweli, kama wewe unavyoweza kula kiporo. Ila ukimlisha kiporo tu atakonda na kufa, na utasema "alikuwa mzima jana." Anahitaji chakula chake: vidonge vinavyozama kwa samaki, na kwa konokono kipande cha tango au jani la mchicha lililochemshwa kidogo, likaondolewa kabla halijaoza.

Mdogo wangu aliposikia haya alicheka. "Kwa hiyo dada, nikimleta ni mtoto wa pili, si msaidizi." Ndivyo.

Pima kwa ndoo

Tuingie kwenye majina. Mimi napima kwa ndoo ya lita 20, kila nyumba inayo.

Tangi lisilofika ndoo moja: mwache beta peke yake. Mwekee majani, mwekee kigae cha chungu cha kujificha, basi. Hata kama umeona picha ya bakuli lenye beta na samaki wengine wanne, picha ilipigwa siku ya kwanza.

Tangi la ndoo moja kamili, lenye hita na filta ya sponji yenye mkondo mpole: konokono. Ninayempendekeza anaitwa neriti. Ni mdogo, ana gamba gumu lenye mistari, anakwangua mwani kwenye kioo taratibu, na kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hazai ukakuta mia. Mayai yake anayabandika kama vidoa vyeupe, yanaudhi macho, lakini vitoto vyake vinahitaji maji ya chumvichumvi ili kukua. Mmoja anatosha, wawili kwa taabu. Weka mfuniko, anapanda na kutoka nje usiku.

Kwa watu wa Itiryo na vijiji vingi vya aina hiyo, kuna la kuangalia: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Ni masafi lakini hayana chokaa, na gamba la konokono linajengwa kwa chokaa. Kwenye maji hayo gamba linaanza kuwa jeupe, linalika kama sabuni. Changanya na maji ya kisima, au weka ganda la yai lililochemshwa na kuoshwa vizuri. Wale konokono wakubwa wa dhahabu wenye pembe ndefu siwapendekezi kwa beta. Pembe zao anaziona kama minyoo, anazidonoa.

Wapo pia kamba wadogo wekundu, wale wa sentimita mbili tatu. Wanapendeza kupita maelezo. Ila sema ukweli moyoni mwako: beta ni mla nyama. Kamba wakiwa na majani mengi ya kujificha, baadhi wataishi na kuzaa, baadhi wataliwa. Kama mwenzi wako ni wa kulia akiona hivyo, acha.

Tangi la ndoo mbili na nusu ndipo mambo yanapoanza kuwa bomba. Kioo cha sentimita 60 kwa 30 kwa 30 kinabeba lita 54. Hapa anaingia koridora, kambale mdogo wa Amerika Kusini, mpole, mwenye sharubu fupi anazopapasia mchanga kama mtu aliyeangusha hereni. Koridora ndiye samaki wa kundi. Upweke ule uliomwonea huruma beta, mwonee huyu: koridora mmoja au wawili wanajificha, hawali vizuri, wanadhoofika. Wanaanzia sita. Kwa tangi hili chagua aina ndogo, za sentimita tatu hivi. Aina za sentimita sita saba zinataka nafasi kubwa zaidi. Muulize muuzaji wanataka joto gani pia, maana wapo koridora wa maji ya ubaridi ambao joto la beta linawachosha. Kwa wale wadogo, nyuzi 25 inawafaa wote wawili.

Sakafu ya koridora iwe mchanga laini. Kokoto zenye ncha na uchafu uliolundikana vinamaliza sharubu zake. Mchanga wa ujenzi unafaa ukichekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Udondoshee siki kidogo kwanza: ukitoa mapovu, una chokaa na utabadilisha maji yako, tafuta mwingine.

Samaki kuhli, yule mwembamba kama mkunga wa kiganjani mwenye mistari ya njano na kahawia, ni rafiki mzuri wa beta kwa tabia. Ila naye ni wa kundi, anatoka usiku, anafika sentimita nane na zaidi, na anataka ndoo nne. Oto, yule mdogo mnyonya mwani, mwache mpaka tangi lako liwe na miezi mingi na mwani wa kutosha, vinginevyo atakufa njaa mbele ya macho yako.

Na kwa wote, nenda kaokote majani makavu ya mkungu. Ni ule mti wa kivuli wenye matawi ya kutandaza kama meza, watoto wanagonga kungu zake. Wafugaji wa beta dunia nzima hununua majani hayo kwa hela, na sisi tunayafagia. Jani moja kavu, safi, lisilopuliziwa dawa, linatia maji rangi ya chai, linampa beta kivuli na linawapa wa chini paa.

Shemeji aliposema hapana

Mdogo wangu, mwalimu wa baiolojia, aliposikia neno konokono hakuona haja ya kuagiza Mwanza. Kuna kijito chini ya shule. Angewatuma wanafunzi wawili, dakika kumi wangerudi na konokono kumi. Bure kabisa.

Shemeji, aliyekuwa amekaa kimya siku zote kwenye mjadala huu, ndiye aliyeinua kichwa. "Hapana. Huyo haingii humu ndani."

Ana sababu. Kanda ya ziwa ni eneo la kichocho, na kichocho hakiambukizwi bila konokono wa maji baridi. Vijidudu hukua ndani ya konokono wa jamii fulani, hutoka wakaogelea, hupenya ngozi ya mtu aliyeingiza mguu au mkono majini. Tangi la samaki ni maji unayoingiza mkono kila wiki. Kwa macho ya kawaida huwezi kumtofautisha konokono aliyebeba na asiyebeba, na kumtuma mtoto wa shule kijitoni ni kumtuma kwenye maji hayo hayo. Shemeji anawaona hao watoto kituoni, wamekuja na damu kwenye mkojo.

Mdogo wangu anasema ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia mumewe akizungumza kuhusu kazi yake nusu saa nzima.

Na wa kwetu je?

Swali hili huwa linakuja, na ni zuri. Kwa nini tuagize kambale wa Amerika Kusini wakati Ziwa Victoria liko hapo chini?

Kambale mwenyewe tumtoe haraka. Huyo mdogo wa kidole unayeletewa na vijana kwenye kopo anafika mita moja na zaidi, na beta kwake ni kitafunwa. Gogogo ana sura ya kuvutia, sharubu, macho makubwa, lakini wa ziwani wanakua kupita tangi lolote la mezani, na miiba yake waulize wavuvi. Furu ni wagomvi wa chini kama beta alivyo mgomvi wa juu, tena wana historia ya huzuni: sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 aliwamaliza furu wa aina nyingi sana. Waliobaki si wa kuchezea.

Kule Kigoma kuna gogogo mwingine, wa Ziwa Tanganyika, mwenye madoa kama chui, anayependwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Huyo ni mjanja: anachanganya mayai yake na ya samaki wanaolelea mayai mdomoni, wao wanamlelea bila kujua. Lakini anataka maji magumu na tangi kubwa. Si wa beta.

Na kwa kuwa tuko Mara, nitaje kimoja cha kujivunia. Mwaka 2024 wanasayansi walieleza rasmi aina mpya ya samaki wadogo wa madimbwi ya msimu ya Serengeti, upande wa mto Grumeti, wakampa jina la David Attenborough. Jamii yake hutaga mayai kwenye tope, dimbwi linakauka, mayai yanasubiri mvua. Mzuri kama beta. Yuko hifadhini, na huko ndiko akae.

Siku ya kuhamia

Wale wa Itiryo waliishia wapi? Waliuza wazo la tangi la lita 20 na kwenda kwa fundi vioo, wakamkatisha kioo cha 60 kwa 30 kwa 30. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na walijaza maji nje kwanza kucheki kama linavuja. Kumbuka lita 54 ni kilo 54 kabla ya kioo na mchanga. Meza ya kahawa ya miguu myembamba haifai. Filta ya sponji kutoka tangi la zamani walihamishia kwenye jipya, wakasubiri karibu wiki sita, wakibishana kila jioni kuhusu mahali pa kuweka jiwe.

Koridora sita walikuja kwa basi. Mfuko uliwekwa juu ya maji ya tangi dakika 20 ili joto lilingane, kisha wakaongeza maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko. Na hapa kuna siri nzuri: wa chini waliingia kwanza. Beta alibaki tangi la zamani wiki tatu zaidi. Wageni wakala, wakazoea, na ikawa wazi kama wana ugonjwa au hawana. Beta alipoingia, yeye ndiye alikuwa mgeni. Hakukuta watu wamevamia kwake. Siku ya kwanza alitanua mashavu, akamfukuza mmoja mara mbili, akapanda juu.

Chakula ndicho kinachohitaji mpango. Beta akiona kidonge cha wa chini anakifuata, anashiba mpaka tumbo linavimba. Kwa hiyo yeye analishwa asubuhi, taa ikiwa imewaka, na hiyo ni kazi ya mdogo wangu kabla ya kwenda shule. Wa chini wanalishwa taa ikizimwa. Hiyo ni ya shemeji. Siku za zamu anazima taa ya tangi saa mbili kasoro, anadondosha vidonge viwili kona ya nyuma, anasubiri dakika tano kuhakikisha sita wote wametoka, ndipo anavaa koti.

Wewe angalia mambo machache: mapezi ya beta yaliyochanika, koridora anayejificha mchana na usiku, sharubu zinazofupika, mtu anayehema haraka. Ukiona hayo, badilisha maji leo, na mtenganishe mgomvi leo. Usingoje wikiendi.

Ukishindwa, usimwage mtoni

Watu wanahama, watoto wanazaliwa, umeme unakuwa ghali. Ukishindwa kuendelea nao, mrudishie muuzaji au mpe mtu mwenye tangi. Usiwaachie kijitoni kwa huruma. Ziwa Victoria limeshaona mgeni mmoja anaweza kufanya nini. Na mwaka 2020, kule Mwea nchini Kenya, konokono wa Amerika Kusini wa jamii ile ile ya wale wa dhahabu niliokwambia waligunduliwa kwenye mashamba ya mpunga, wakitafuna miche ya wakulima. Vijito vya Tarime vinaingia mto Mara au vinateremka moja kwa moja ziwani.

Hata maji unayobadilisha kila wiki usiyamwage kijitoni, yanaweza kuwa na mayai ya konokono au vipande vya mimea ya tangini. Yapeleke bustanini. Yana nitrati, mimea inayapenda. Mdogo wangu anamwagia migomba nyuma ya jiko, ndoo moja kila Jumamosi.